Tusitunze kazi zetu kwenye flashi moja: GitHub kwa anayeanza

Hii ni mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana. Wengi mmeniandikia mkiomba maandishi yake, hasa mliokaa nyuma ambako spika ilikuwa inakatakata. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Ndugu Mwenyekiti wa semina, viongozi wetu wa meza kuu, wapambanaji wenzangu, itifaki imezingatiwa. Nikianza kutaja vyeo hapa, nusu saa niliyopewa itaisha kabla sijafungua hii kompyuta.

Kwenye ratiba nimeandikiwa "Vijana na Teknolojia". Kichwa hicho ni kikubwa, kinamfaa profesa. Mimi nitaongelea kitu kimoja tu, kinaitwa GitHub. Naomba mikono: nani ana akaunti? Wanne. Nani amewahi kulisikia jina? Ahaa, sasa mmeongezeka. Na nani anaamini ni mambo ya wale waliosomea kompyuta chuo kikuu? Msione aibu, hata mimi mkono huo niliwahi kuunyoosha. Nina cheti cha uhasibu, na kompyuta nimejifunzia stesheneri, nikichapa barua za watu za kuomba kazi.

Kabla sijasema GitHub ni nini, niwape kisa. Na niseme mapema kwamba mkosaji wa kisa hiki ni mimi, msije mkamtafuta mwingine.

Kwenye uchaguzi mmoja nilikuwa natunza orodha ya mawakala wa kata yetu. Tulikuwa watu watatu tunaoigusa: mimi, katibu wa tawi moja, na kijana aliyekuwa anatusaidia kuchapa. Faili la Excel lilikuwa linazunguka kwa flashi na kwa WhatsApp. Mnajua yanavyokuwa. Kwanza kukawa na "MAWAKALA". Ikaja "MAWAKALA MPYA". Ikaja "MAWAKALA MPYA 2". Halafu ikaja "MAWAKALA MPYA YA MWISHO KABISA". Naona mnacheka, kumbe wote ni walewale.

Siku ya kupeleka majina nikakimbia stesheneri, umeme unakatika na kurudi, nikachapisha, nikasaini, nikapeleka. Siku ya kiapo akaja mama mmoja wa tawi lile. Alikuwa ameshahudhuria mafunzo yote, ametoka kwake alfajiri, kitambulisho kiko mkononi. Akaambiwa jina lako halipo. Akarudi nyumbani, na kituo chake siku ya kura hatukuwa na mtu.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapo ndipo penye uchungu. Hatukukaa kutafuta faili. Tulikaa kutafuta msaliti. Tukasema jina halifutiki lenyewe, kuna mtu kalifuta. Nani alikuwa na flashi? Katibu wa tawi. Basi maneno yakaanza, kwamba kanunuliwa, kwamba alionekana na fulani hotelini. Yule ndugu alijitetea mpaka akachoka, akaacha kuja vikaoni. Kijana mzuri, mchapakazi, tukampoteza hivihivi.

Miezi minne baadaye natafuta kitu kingine kwenye flashi ileile, nikaona tarehe za mafaili. Faili nililochapisha mimi lilikuwa la Jumatatu. Lenye jina la yule mama lilikuwa la Alhamisi. Na aliyeliongeza jina lake siku ile ya Alhamisi alikuwa ni huyohuyo katibu tuliyemuita msaliti.

Nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinisikiliza, akanipa chai, akasema yameisha. Lakini vikaoni hakurudi.

Vijana wenzangu, sisi tunasimama majukwaani tunadai uwazi. Tunauliza nani kabadilisha, lini, kwa idhini ya nani. Ni maswali halali kabisa. Lakini siku ile mtu angetugeuzia maswali hayohayo kuhusu faili letu wenyewe la kurasa mbili, tusingekuwa na jibu hata moja. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze kuhusu chombo ambacho kazi yake kubwa ni kujibu maswali hayo.

Sasa twende. Kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya: Git na GitHub.

Git ni programu. Inakaa kwenye kompyuta yako na inafanya kazi hata kama huna bando. Kazi yake ni kukumbuka. Kila unapomaliza badiliko na kuiambia "weka kumbukumbu", inaandika faili lilikuwaje, limekuwaje, nani kabadilisha, lini, na kwa nini. Iliandikwa Aprili 2005 na Linus Torvalds, yule Mfini aliyeanzisha Linux. Yeye na wenzake, maelfu ya watu duniani wasiojuana kwa sura, walikuwa wanatumia programu ya kampuni moja bure kutunza kazi yao. Kukatokea kutoelewana, ule ubure ukaondolewa. Badala ya kulalamika akakaa chini akaandika ya kwake, na ndani ya wiki chache ilikuwa inatumika. Mimi kisa hicho nakipenda. Mtu amefungiwa mlango, akajenga nyumba.

GitHub ni tovuti. Ilifunguliwa 2008, na kazi yake ni kuhifadhi hizo kumbukumbu za Git mtandaoni ili watu wengi wafanye kazi pamoja kutoka mahali tofauti. Mwaka 2018 ilinunuliwa na Microsoft kwa dola bilioni 7.5. Kwa hiyo mjue mapema: ni nyumba ya kupanga, mwenye nyumba yuko Marekani. Hilo nitalirudia.

Wengi wanaitumia kuhifadhi misimbo ya programu, lakini siyo lazima uwe mwandishi wa programu. Maandishi yoyote yanakubali. Jiji la Washington, kule Marekani, linachapisha sheria zake humo. Mwaka 2018 raia mmoja akaona kosa dogo la uchapaji kwenye sheria. Akalirekebisha, akatuma ombi la marekebisho kupitia GitHub, na wahusika wa baraza wakalikubali. Yaani mwananchi kakaa kwake, kaona kosa kwenye sheria ya jiji lake, kapendekeza, limeingia. Jamani, hilo peke yake linatosha kuwatoa usingizini.

Na msidhani ni mambo ya mbali. Majirani zetu Kenya, baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, vijana wachache, akina Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walijenga Ushahidi. Mtu anatuma ujumbe kuhusu kilichotokea mtaani kwake, tukio linaonekana kwenye ramani. Jina lenyewe la Kiswahili. Wakaifanya programu huria, kila mtu aione na aitumie, na tetemeko lilipoipiga Haiti mwaka 2010 watu wakaitumia huko. Misimbo yake ipo GitHub mpaka leo, ukitaka kaiangalie usiku huu.

Haya, simu mkononi. Mwenye kompyuta atumie kompyuta, mwenye simu janja atumie kivinjari cha simu, inafanya kazi. Nitakwenda taratibu.

Hatua ya kwanza ni akaunti. Nenda github.com, weka barua pepe, nywila na jina la mtumiaji. Hapo kwenye jina tulia. Hili ndilo watu watakalokujua nalo, na kesho unaweza kulipeleka kwenye maombi ya kazi. Achana na majina ya "mtotowamjini2000". Watakutumia namba ya uthibitisho kwenye barua pepe, iingize, umemaliza.

Usiondoke hapo. Nenda kwenye mipangilio, washa uthibitisho wa hatua mbili. Maana yake mtu akiiba nywila yako bado hataingia mpaka awe na namba inayotokea kwenye simu yako. GitHub wenyewe tangu 2023 wamekuwa wakiwataka wachangiaji waiwashe. Watakupa orodha ya namba za dharura. Ziandike kwenye karatasi, karatasi iweke mahali pa vyeti vyako. Simu inaibiwa kwenye daladala, karatasi iliyo chini ya godoro haiibiwi. Na ukiwa humohumo kwenye mipangilio, upande wa barua pepe, weka alama kwenye sehemu ya kuficha anwani yako. Usipofanya hivyo, barua pepe yako inaweza kuonekana kwenye kila badiliko utakaloweka hadharani.

Hatua ya pili ni ghala, wenyewe wanaliita repo. Repo ni folda moja la kazi moja pamoja na historia yake yote. Juu kulia kuna alama ya kujumlisha, bonyeza, chagua ghala jipya. Lipe jina fupi lisilo na nafasi, kwa mfano "ratiba-mafunzo". Halafu utaulizwa swali zito kuliko yote: Public au Private? La kwanza maana yake dunia nzima inaona. La pili maana yake unaona wewe na uliowaalika tu. Zamani la faragha lilikuwa la kulipia. Sasa ni bure, na tangu Aprili 2020 unaweza kualika watu wengi unavyotaka. Kama una shaka, chagua Private. Ghala lililofichwa unaweza kulifungua kesho. Lililokaa wazi hata siku moja, mtu anaweza kuwa ameshalinakili.

Weka alama pia kwenye README. Hili ni faili la utangulizi: kazi hii ni ya nini, nani anahusika, mtu aanzie wapi. Msilidharau. Nimeona maghala ya watu yamejaa mafaili, hujui hata yanahusu nini, kama sanduku la marehemu.

Hatua ya tatu ni kuandika na kuweka kumbukumbu. Fungua hilo README, bonyeza alama ya penseli, andika mistari miwili. Alama ya reli mwanzoni mwa mstari inafanya kichwa cha habari, nyota inafanya orodha. Ukimaliza bonyeza kitufe cha kijani kilichoandikwa "Commit changes". Hiyo inaitwa komiti. Siyo kamati! Kamati inakaa saa nne na kuahirisha. Komiti inachukua sekunde.

Watakuomba uandike maelezo mafupi ya badiliko. Hapa ndipo vijana wanaharibu. Anaandika "mabadiliko". Mabadiliko gani? Mwingine anaandika nukta tu. Andika kitu ambacho mwenzako atakielewa miezi minne baadaye: "Nimeongeza mkufunzi wa Jumamosi baada ya kikao cha tarehe 12". Mngekuwa mmeona mstari mmoja wa namna hiyo kwenye faili letu la mawakala, ndugu yetu angekuwa amekaa hapa leo.

Sasa bonyeza "History". Mnaona? Kila komiti iko pale, jina, tarehe, maelezo. Ukigusa mojawapo, mstari uliofutwa unaonekana kwa rangi nyekundu, ulioongezwa kwa kijani. Hakuna "MPYA 2", hakuna "YA MWISHO KABISA". Faili ni moja na jina lake ni moja. Ya jana iko ndani ya historia, unairudia ukitaka.

Na kila komiti ina namba yake ndefu inayokokotolewa kutokana na kilichomo ndani pamoja na namba ya komiti iliyotangulia. Ukigusa ya katikati, namba za zote zinazofuata zinabadilika. Sitawadanganya kwamba historia haiwezi kuchezewa kabisa. Mwenye mamlaka juu ya ghala anaweza kuiandika upya. Lakini wenzake wenye nakala zao wataona namba hazilingani, na hapo ataulizwa. Ndiyo faida ya nakala kuwa kwa watu wengi.

Jambo moja la kiufundi, tafadhali lishikeni. Rangi hizo nyekundu na kijani zinatokea kwenye mafaili ya maandishi matupu. Ukipandisha faili la Word au Excel, GitHub italipokea, lakini kwake ni kama bahasha iliyofungwa: itajua imebadilishwa, haitakuonyesha mstari gani. Kwa hiyo jedwali lako ukiwa kwenye Excel lihifadhi kwa muundo wa CSV, na humo ndani litaonekana kama jedwali la kawaida. Na picha kubwa na video siyo mahali pake. Kupitia kivinjari mwisho ni megabaiti 25 kwa faili, na hata ukipitia Git yenyewe mwisho ni 100.

Hatua ya nne ni matawi. Hapa sisi wanachama hatuna shida ya kuelewa. Ghala lina shina, wao wanaliita "main". Ukitaka kujaribu jambo bila kuharibu shina, unafungua tawi, unafanya kazi huko. Ukiridhika, unatuma ombi la kuunganisha, linaitwa pull request. Kwenye simu zenu: bonyeza penseli, badilisha kitu, na kabla ya kukubali komiti chagua ile ya kufungua tawi jipya. Itakuletea ukurasa wa ombi. Mwenzako anaona ulichobadilisha, mstari kwa mstari, anauliza, mnajibizana hapohapo, akiridhika anaunganisha.

Nafikiri hii ndiyo sehemu inayoweza kutubadilisha tabia. Sisi hoja zetu tunazimaliza korido, au kwenye kundi la WhatsApp ambalo kesho ujumbe umefutwa. Humu unapendekeza mbele ya wenzako, unapingwa mbele ya wenzako, na sababu zinabaki zimeandikwa. Mdogo anaweza kumrekebisha mkubwa bila kumvunjia heshima, kwa sababu anagusa mstari, hamgusi mtu.

Ukitaka kuwaalika wenzako, nenda kwenye mipangilio ya ghala, sehemu ya "Collaborators". Na kuna sehemu ya "Issues" ya kuorodhesha kazi na matatizo: nani afanye nini, imeisha au bado. Hizo zichezeeni wenyewe, haziumi.

Sasa nirudi kwenye hatari, maana sitaki mtu atoke hapa na furaha akaenda kufanya balaa.

Mtaniuliza: ile orodha ya mawakala ungeiweka GitHub? Jibu ni hapana. Hata kwenye ghala la faragha, hapana. Majina ya watu, namba zao za simu, namba za vitambulisho, wanakoishi, hivyo siyo vyetu. Ni vyao, wametuazima. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, mnajua ninyi wenyewe kinachoweza kumpata mtu orodha ya namna hiyo ikizagaa. Mtu anaweza kupoteza kibarua, anaweza kugombana na nyumba nzima.

Hapo ndipo faida ya kutofautisha Git na GitHub inapoonekana. Ile orodha ningeiweka kwenye Git ndani ya kompyuta moja yenye nywila, bila kuisukuma mtandaoni, na nakala ya pili kwenye diski iliyofungwa kwa nywila nyingine. Ningepata historia yote, nani kaongeza, lini, kwa nini, na hakuna jina hata moja ambalo lingetoka nje ya ofisi. GitHub ningeweka vile ambavyo hata vikivuja hakuna anayeumia: masomo ya mafunzo, ratiba, fomu tupu, rasimu za matamko, misimbo ya tovuti yetu.

La pili: kufuta siyo kufuta. Ukiweka nywila au orodha kwa bahati mbaya kwenye ghala la wazi, halafu ukalifuta faili, bado lipo ndani ya historia. Ile kumbukumbu tunayoisifu ndiyo hiyohiyo itakayokusaliti. Likikutokea, usianze kwa kufuta. Anza kwa kubadilisha nywila iliyovuja, muda huohuo, hata kama uko msibani. Kama ni taarifa za watu, lifunge ghala kwanza, wajulishe viongozi na wenye taarifa zao. Halafu ndiyo muanze kusafisha historia.

La tatu ni lile la nyumba ya kupanga. Mwaka 2019 GitHub ilizuia baadhi ya huduma kwa watumiaji wa Iran, Syria na Crimea kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Watu waliamka wakakuta maghala yao ya faragha hayafunguki, na wao binafsi hawakuwa na kosa. Kwa hiyo kila kazi ya maana iwe na nakala kamili kwenye kompyuta zenu, angalau za watu wawili tofauti. Git imetengenezwa hivyo: ukinakili ghala, unabeba na historia yote, na unaweza kuipeleka mahali pengine, GitLab au Codeberg, kazi ikaendelea. Anayetegemea kila kitu cha mwenzake, siku akinyang'anywa anabaki mikono mitupu.

Jambo dogo kwa watakaokwenda mbele na kutumia Git kwenye kompyuta. Tangu tarehe 13 Agosti 2021 huwezi kusukuma kazi GitHub kutoka Git kwa kuandika nywila ya kawaida. Utaandika mpaka vidole viote sugu, itakukataa. Unahitaji tokeni au ufunguo wa SSH, au tumia programu yao ya GitHub Desktop ambayo inakumalizia hilo. Nalitaja kwa sababu mimi lilinila siku mbili nzima nikidhani nimesahau nywila, na bando likaisha.

Na kwa wale wasio na kazi, nasema hili kama dada yenu. GitHub ina huduma ya Pages. Ukiwa na ghala la wazi unaweza kuweka tovuti yako bure, yenye jina lako likifuatiwa na github.io. Tovuti ya duka la mama, ya timu ya mtaani, ya kwako binafsi. Mwajiri anayetafuta mtu wa kompyuta ataiona kazi, siyo maneno. Mimi kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ya tovuti niliipata hivyo, mteja akaangalia ghala langu, akaona nimefanya kazi kidogokidogo kwa miezi sita bila kuacha. Hakuniuliza cheti.

Kazi ya nyumbani. Kabla ya Jumapili kila mmoja awe na akaunti, uthibitisho wa hatua mbili, na ghala moja la faragha lenye README. Humo andika kitu chako chochote: mapishi, mashairi, hesabu za kuku. Weka komiti moja kila siku kwa siku saba, zote ziwe na maelezo ya maana. Siku ya nane fungua historia uisome kuanzia mwanzo. Utaona ulivyokuwa unafikiri Jumatatu na ulivyobadilika Alhamisi. Kwa matawi yenu, anzeni na ratiba ya mafunzo, watu wawili, ombi moja la kuunganisha. Msianze na kubwa.

Nimalizie kwa yule ndugu yetu. Nilipokuwa naandaa mada hii nilimpigia simu, nikamwomba ruhusa ya kukisimulia kisa chake bila kumtaja jina. Akakubali. Halafu akauliza, "Hiyo GitHub yako, ingeonyesha kwamba ni mimi niliyeliweka jina la mama?" Nikamwambia kumbukumbu ya namna hiyo ingeonyesha jina lake, siku, na saa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi wafundishe."

Ndiyo nimekuja kuwafundisha. Maswali niulizeni hapahapa, na aliyekwama kwenye namba ya uthibitisho asiondoke, nitapita meza kwa meza.